Meza ya Bahari Sebuleni kwa Kaka

Wanunuzi binafsi wa kahawa waliporuhusiwa kuingia Mbinga, fedha zilikuja kwa kasi na akili zikachelewa njiani. Watu walianza kununua vitu ambavyo hawakuwa na mahali pa kuviweka. Jirani yetu mmoja alinunua friji akaipeleka kijijini kwao mlimani, ambako umeme ulikuwa haujafika hata kwa uvumi, akawa anahifadhia humo nguo za kwenda kanisani. Mwingine alinunua kiti cha kinyozi, kile kinachozunguka, akakiweka barazani ili akikikalia aweze kuwageukia wageni bila kuinuka. Kaka yangu alinunua bahari.

Nasema bahari kwa kuwa mwenyewe ndivyo alivyoiita. Alimtuma dereva wake mpaka shuleni nilikokuwa nafundisha baiolojia, upande wa Kigonsera, na ujumbe ulikuwa mfupi: Jumamosi nije Mbinga mjini, bahari imefika, na kwa kuwa nilisomeshwa mambo ya wadudu, nije nisaidie kuipanga.

Kaka alikuwa karani wa ushirika kwa miaka mingi, mtu wa kupima magunia na kuwafokea wakulima kwamba kahawa yao haijakauka. Ushirika ulipoanza kuyumba alikuwa wa kwanza kuruka. Akapata tajiri mmoja wa Dar es Salaam wa kumnunulia kahawa, akapata lori, akapata pikapu, akapata na kitambi. Akaanza kutembea polepole kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Mimi ni mdogo wake, tumelala mkeka mmoja, kwa hiyo huo mwendo haukunitisha.

"Shikamoo, kaka," nilimwambia mlangoni.

"Marahaba. Usikae kwanza. Tazama."

Nikatazama. Juu ya kabati la vyombo, kati ya redio kubwa na picha ya Moyo Mtakatifu, palikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa dawati la mwanafunzi. Lilikuwa limejazwa maji, chini mchanga mweupe, juu taa mbili za tyubu, na pembeni pampu iliyokohoa kama mzee wa tumbaku. Nyuma ya jiko jenereta ilikuwa ikinguruma ili hayo yote yawezekane. Samaki wawili wadogo wenye mistari walikuwa wamejibanza pembeni wakitazamana, nadhani wakiulizana walikosea wapi.

"Maji ya chumvi," kaka alisema. "Chumvi maalumu, si hii ya kupikia. Unaikoroga kwa kipimo."

Wifi yangu alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Yeye ni mtu wa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, amezaliwa na kukulia huko, na alipoolewa aliletwa huku juu kwenye baridi, kwa watu wanaosema Kimatengo haraka haraka makusudi ili asielewe.

"Wifi, umeona maajabu?" aliniuliza. "Kwetu tuna ziwa halina mwisho, na maji yake unakunywa. Kaka yako kaleta chumvi kwa lori, katengeneza maji ambayo hata mbuzi hawezi kuyanywa."

"Nenda ukaangalie mboga," kaka alimwambia.

"Mboga haina haraka. Mimi nataka kusikia mwalimu anasema nini."

Mwalimu alisema alichoona ni cha kweli. Nilimuuliza kaka kwa nini hakuweka samaki wa Ziwa Nyasa. Rangi zote alizokuwa akizitafuta ziko kule chini kwenye miamba, bluu na njano na nyeusi, mpaka wageni wanawafunga kwenye mifuko na kuwasafirisha kwa ndege. Asingehitaji chumvi wala lori.

Kaka alinitazama kwa huruma. "Samaki wa ziwani tunakula. Umeona wapi mtu anaweka kitoweo kwenye kioo?"

Kilichomletea wazimu huo si samaki. Ilikuwa ni tumbawe. Dar es Salaam, katika ofisi ya yule tajiri, alikuwa ameona tangi lenye tumbawe pana, bapa, lililosimama juu ya mguu mmoja kama meza. Tangu hapo hakuwa na raha. Mtu aliyekua akila ugali sakafuni alikuwa amegundua kwamba hata chini ya bahari kuna meza, na kwamba kuna watu wanazo na yeye hana.

Matumbawe yenyewe yalikuwa yamefika siku ile ile na lori lililorudi kutoka kupeleka kahawa, na pamoja nayo alikuja mtaalamu. Mtaalamu huyo alikuwa kijana mwembamba wa Dar aliyevaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Kaka alimwita mheshimiwa, naye alimwita kaka bosi. Ndoo zake zilikuwa zimepangwa barazani, zimefunikwa, na vijibomba vya hewa vikiungurumia humo kwa betri ya gari. Alizifunua moja moja kwa madaha ya mpishi anayefunua pilau ya harusi.

"Chagua, bosi. Zote ni meza."

Mimi sikuwa bingwa wa matumbawe, sitajidai. Nilipokuwa chuoni tulitembezwa mwambani maji yalipokupwa, mwalimu wetu akatuonyesha lililo hai na lililokufa, nami nikaandika na kufaulu mtihani. Lakini kidogo nilichokijua kilitosha pale. Nilichutama kwenye ndoo nikavuta harufu. Mbili zilinuka bahari safi. Moja ilinuka yai bovu. Katika moja ya zile nzuri mlikuwa na kipande kidogo, kipana kama kisahani cha kikombe, rangi ya kahawia kama matope, lakini ukingo wake wote ulikuwa na mstari wa rangi ya maziwa.

"Hili," nilimwambia kaka. "Ukingo ukiwa mweupe hivi maana yake linakua. Na mguu wake umevunjwa vizuri, haukuoza. Ni dogo, na tangi lako ni dogo. Litapata nafasi ya kutanuka."

"Hilo ni kigoda," kaka alisema.

Akanyoosha kidole kwenye ndoo ile iliyonuka. Mle ndani mlikuwa na tumbawe pana kama ungo, ambalo mtaalamu alikuwa amelilaza kiubavu ili lienee. Katikati lilikuwa na doa la kijivu, utelezi ukining'inia kama kamasi.

"Hiyo ndiyo meza."

"Hiyo inaumwa, kaka. Nusa."

"Vitu vya baharini vinanuka. Wewe hujawahi kununua dagaa?"

Mtaalamu alicheka mpaka miwani ikateremka. "Sista anaogopa bure. Hilo ni kubwa, lina heshima. Ukiliweka ndani, mgeni akiingia tu, anaona."

Nilijaribu kumweleza kaka kwamba tumbawe si jiwe. Ni vijinyama vidogo mno vilivyojengea pamoja nyumba moja ya chokaa, na rangi ile ya kahawia anayoidharau ndiyo uhai wenyewe. Nilimwambia kwamba hili pana namna hii litagusa kioo pande zote, litafunika mwanga kama mwavuli, na kila kilicho chini yake kitakaa gizani. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayengoja mvua ipite. Kisha akachukua lile kubwa, na vingine vitatu vya kulisindikiza, vyote kutoka ndoo mbaya. Kile cha kwangu akanipa mkononi, kama mtoto anavyopewa kipande cha unga afinyange wakati mama anapika.

Upangaji ulifanyika mchana ule ule. Nilidhani nimeshaona yote, kumbe bado. Kaka alikuwa na mpango, na mpango wake ulikuwa sebule. Ndani ya tangi alitaka sebule kama ile iliyokuwa nje ya tangi: meza kubwa katikati, stuli pembeni. Kama angepata vitambaa vya kufuma visivyolowa angevitandika juu yake.

"Lisikae katikati," nilimwambia. "Liweke upande mmoja, juu kidogo karibu na taa, na uache nafasi kuzunguka pande zote. Na lisilale sawasawa. Liinamishe kidogo, ili uchafu uteleze udondoke na maji ya pampu yapite chini yake."

"Liinamishe?"

"Kidogo tu."

"Umeona wapi meza imeinama? Wageni waseme nimefanyiwa kazi na mlevi?"

Akamwita fundi mwashi aliyekuwa akimjengea ghala nyuma ya nyumba. Fundi akaja na pima maji yake. Mbele ya macho yangu, mtu mzima aliyepewa kazi ya mchanga na saruji alipandishwa juu ya stuli, akatumbukiza mikono kwenye bahari mpaka mabegani, akajenga mguu wa mawe madogo madogo, akaweka lile tumbawe juu yake na kulipima kwa pima maji, huku na huku, mpaka kile kitone cha hewa kikatulia katikati. Mtaalamu alikuwa ameketi kwenye kochi akinywa soda na kusema, "Safi. Safi kabisa."

"Fundi," nilimuuliza, "hayo mawe hujayafunga na kitu?"

"Nimeambiwa nipime, mwalimu," alijibu. "Sikuambiwa nijenge."

Nilingoja wote watoke kwenda kula. Kisha nikakunja mikono, nikakiweka kile cha kwangu kwenye kona ya nyuma, juu ya jiwe, mahali ambapo kivuli cha meza hakikufika na maji ya pampu yalipita yakikibembeleza. Nilikiegemeza kikainama kidogo. Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hicho cha matope ndicho kizuri?" aliuliza.

"Ndicho kilicho hai."

Alikisogelea, pua karibu na kioo, akatazama kwa muda. "Kina vinywele," alisema. Akawa wa kwanza katika nyumba ile kutazama kitu kilichokuwa mle ndani badala ya kutazama nani anatazama.

Wiki iliyofuata dereva alikuja tena shuleni, akitabasamu. Kaka alisema nije nione, meza inatakata. Sikuelewa. Nilipofika nikaelewa. Utando ule wa kahawia ulikuwa umebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, ukanyonywa na pampu, na lile tumbawe lilikuwa jeupe, jeupe la chokaa mpya, kuanzia katikati mpaka ukingoni. Stuli zake tatu pia. Kaka alikuwa amesimama mbele yake mikono kiunoni.

"Wewe ulisema linaumwa. Limepona. Limetoa uchafu wote."

"Kaka, limekufa. Hiyo ni mifupa."

"Kama limekufa mbona limependeza?"

Kwa kweli lilikuwa limependeza. Hata leo nikikumbuka swali lile nahisi hasira, maana si yeye peke yake aliyekuwa akiliuliza miaka ile. Mji mzima ulikuwa ukiliuliza.

Karamu ilifanyika Jumapili iliyofuata, baada ya misa. Walialikwa wanunuzi wenzake wa kahawa, diwani, na mwenye duka la vipuri. Lakini mgeni mwenyewe alikuwa yule tajiri wa Dar, aliyekuwa amesema akipata nafasi atapita akielekea Mbamba Bay. Kochi moja liliachwa wazi kwa ajili yake, na chakula kikazuiliwa jikoni. Wifi alikuwa ameletewa mbasa wabichi, samaki wa ziwani, kutoka kwao akawakaanga vizuri, na kila baada ya muda alichungulia mlangoni kuuliza kama apakue, na kaka alimfukuza kwa mkono.

Tajiri hakuja. Wageni wakaona njaa, na watu wenye njaa wakikosa la kufanya husifia samani. Wakalisifia tangi. Mmoja alisema linafanana na altare. Mwenye duka la vipuri alisema ni kama meno ya mtoto. Diwani aliinama, akatazama kwa makini, akauliza, "Hii inaliwa?"

"Hailiwi, mheshimiwa. Hii ni ya kutazama."

"Na inakua?"

Kaka alikohoa. "Inakua, tena kwa kasi. Itabidi niongeze tangi."

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango wa jikoni, nakula mbasa kwa harufu tu. Lakini diwani alinigeukia. "Mwalimu, hii inakua namna gani, kwa mizizi?"

"Haikui, mheshimiwa," nilisema. "Ilikufa wiki iliyopita. Kinachokua ni kile kidogo cha kahawia kule nyuma."

Wageni wakageuza shingo kutafuta kile kidogo cha kahawia, hawakukiona, kwa sababu meza iliwaziba. Kaka alicheka, kicheko cha kukopa.

"Mdogo wangu huyu kasoma mpaka vitabu vimemlevya. Kitu kilichokufa kinasimama hivi? Tazameni kilivyo imara."

Akachukua mwiko mrefu wa wifi uliokuwa mezani, akautumbukiza ndani ya tangi, akaligonga tumbawe lake kwa juu, mara moja, kama mtu anayegonga mlango wa ofisi.

Mawe ya fundi yalitengana yote kwa pamoja. Meza iliinama upande wa mbele, sasa ikainama kweli, ikateleza kwa utulivu, na ukingo wake ukatua kwenye kioo. Hatukusikia kishindo, tulisikia mlio mwembamba tu, kama wa glasi inapogongwa na kijiko. Ufa ukapanda kutoka chini mpaka juu bila pupa. Kila mtu aliuona ukipanda. Hakuna aliyeinuka. Kisha bahari ikatoka.

Ilitoka kwenye kabati, ikashuka kwenye zulia, ikaingia chini ya makochi. Diwani alipandisha miguu yote miwili kwenye kochi kama mwali. Mwenye duka la vipuri alikimbia nje akiwa ameshika viatu vyake, na hakurudi. Mmoja wa samaki alitua kwenye bakuli la kunawia, akaendelea kutazama kama alivyozoea. Wa pili hatukumwona tena. Chumvi ilikuwa imeshaingia kwenye redio, nayo ikatoa sauti ya mtu anayekaangwa, ikazimika.

Wifi ndiye aliyetoka jikoni na beseni. Hakumtazama mumewe. Alikinga maji yaliyobaki chini ya tangi, akatia mkono kwenye kona ya nyuma, akakitoa kile kipande kidogo akakilaza kwenye beseni. Kisha akasimama katikati ya sebule, kanga imemlowa mpaka magotini.

"Sasa nipakue?" aliuliza.

Wageni waliobaki walikula nje, wamesimama. Walikula vizuri.

Nilikichukua kipande changu nikaenda nacho shuleni kwenye ndoo, nimeipakata katika pikapu, dereva akipita mashimo taratibu kwa ajili ya hicho peke yake. Nilikiweka kwenye beseni la kioo la maabara, dirishani, penye jua la asubuhi. Nilikiinamisha kidogo. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikichora, na wengine walichora vizuri. Kilikaa siku chache kikiwa na vinywele vyake, kisha asubuhi moja nikakikuta cheupe. Kwa hiyo kile kilichochaguliwa na kupangwa kitaalamu kilikufa vile vile kama vile vilivyochaguliwa na mpumbavu. Hakukuwa na pampu wala chumvi nyingine, na Kigonsera si bahari. Nilikitupa nyuma ya maabara bila kuwaambia wanafunzi wafute michoro yao.

Kaka hakuongea nami kwa msimu mzima. Tumbawe lake kubwa, lililovunjika ukingo, alilitoa nje, akalisimika kwenye saruji mbele ya nyumba, akalipaka rangi ya mafuta, bluu. Mvua za Mbinga zikalifanyia kazi yake, likaota ukungu wa kijani. Nilisikia aliwaambia wageni kwamba limetoka Ziwa Nyasa, na watu wa ziwani wakikataa aliwaambia hawajazamia vya kutosha.

Siku moja alikuja shuleni mwenyewe, bila dereva. Alikuwa ameniletea maharage na mkungu wa ndizi. Alikaa kwenye kiti changu kimoja kizuri, akanywa chai, akauliza habari za walimu wenzangu ambao hakuwahi kuwajali. Mwisho akasema, "Ile yako ndogo iko wapi?"

"Ilikufa, kaka."

"Hata ile?"

"Hata ile."

Aliweka kikombe chini. Niliona kwamba amesikitika kweli, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

"Unajua niliona wapi ile ya kwanza," alisema. "Kwa yule mzee, Dar. Nilifika asubuhi kama tulivyopatana. Yule binti wa mapokezi akaniambia nisubiri. Pale kwenye benchi, mbele yangu, kulikuwa na lile tangi. Nimekaa mpaka saa za watu kwenda kula. Wanaingia wengine, wanapokelewa, mimi nipo. Hakuna aliyenisalimia. Nikawa naangalia ile meza tu, samaki wanapita chini yake, wanatoka upande wa pili, wanarudi. Nilifikiri, siku moja na mimi nitakuwa nayo, mtu aje kwangu asubiri mbele yake."

Mwanamke mwenye moyo mwororo angemshika mkono. Mimi nilimfikiria yule tajiri na kochi lake lililoachwa wazi, mbasa wakipoa, na dharau yangu yote ikahama kwa muda ikaenda Dar es Salaam. Lakini ilirudi haraka, ilikuwa imezoea nyumbani.

"Basi kaka," nilimwambia, "ungenunua benchi."

Hakucheka. Alimaliza chai yake, akaulizia maji ya kunawa, akanawa, akaniambia wifi ananisalimu na kwamba amekwenda kwao Kihagara kumwona mama yake, atarudi na usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukausha, nami nitatumiwa wangu. Nilimsindikiza mpaka kwenye pikapu. Alipanda, akafunga mlango, akawasha gari. Ndipo nilipomwona kupitia kioo akianza kucheka, peke yake, mabega yakimtikisika, na akaondoka hivyo hivyo bila kuaga.